Muhula wa Kumvaa Raya

Kwa mujibu wa Kanuni ya Kumi na Nne ya Chuo Kikuu cha Uwanda, hakuna mwanafunzi wa uzamivu aliyeruhusiwa kutetea tasnifu yake kabla hajatembea muhula mzima na taaluma ya mtu mwingine kichwani. Kozi hiyo iliitwa Uvukaji wa Taaluma. Wanafunzi, ambao hawakuwa na adabu, waliiita Kuvaana, na kila muhula ulipoanza swali la kwanza bwaloni lilikuwa, "Wewe umemvaa nani?"

Chanzo cha kanuni ile kilikuwa zahanati. Miaka thelathini nyuma wahandisi wa Uwanda walijenga zahanati ya kisasa kabisa, yenye vitanda vinavyojikunja vyenyewe na mlango mpana uliotazama makaburi. Walikuwa wamepima udongo, upepo na jua. Hawakumuuliza mtu yeyote ambaye angewaambia kwamba mjamzito hapitishwi makaburini akienda kujifungua. Vitanda vikajikunja na kujikunjua mwaka mzima bila mgonjwa, na baraza la chuo likaapa kwamba msomi wa aina ile hatatoka tena katika malango yake.

Ndipo tunapomkuta Ambokile, mwaka wa tatu uhandisi wa maji, umri miaka ishirini na saba, tabia za kidato cha pili. Alikuwa amesoma bweni tangu darasa la tano, na bweni lilimfundisha mambo mawili makubwa: kuoga maji ya barafu bila kupiga kelele, na kwamba mtu anayechekesha bwalo zima hapigwi. La kwanza alishalisahau. La pili aliliishi kama dini.

Asubuhi ya kura, Profesa Kinemo, msimamizi wa kozi, alichovya mkono kwenye sufuria la karatasi kwa uzito wa mtu anayetoa hukumu.

"Ambokile, uhandisi wa maji. Utamvaa Raya Makame, elimu ya mila."

Raya aliinua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Makazi ya Juu, kule walikohamishiwa watu wa visiwa vilivyomezwa na bahari. Kwa miaka minne alikuwa akirekodi mila ambazo wanawake wa Makazi walizianzisha baada ya kuhama, mila za watu waliojikuta mlimani wakiwa na mazoea ya pwani.

"Karibu, kaka Ambokile," alisema. "Humu kichwani hamna fujo. Ukivua viatu tu, inatosha."

Darasa likacheka. Ambokile akaudhika kidogo, maana kuchekesha ilikuwa kazi yake.

Kofia zilikuwa mbili, zimeunganishwa kwa waya mmoja mnene kama mkia wa ng'ombe. Mtoaji anavaa moja, mpokeaji nyingine, dakika ishirini, mara tatu kwa wiki. Profesa Kinemo alieleza kila muhula kwa maneno yaleyale.

"Ujuzi hausafiri kama maneno. Kwanza mtapata picha: sura, sauti, mtu akifanya jambo. Msizichezee. Maana huja nyuma, wiki ya pili au ya tatu, inaganda polepole kama maziwa ya mgando. Anayetafuna picha kabla maana haijafika ni sawa na anayetafuna mchele mbichi."

Kisha akaonyesha kijisanduku kilichoning'inia katikati ya waya, kisichozidi kiberiti. Hilo lilikuwa chujio. Kabla ya kikao cha kwanza, mtoaji aliweka alama kwenye kila jambo lililo siri, yake au ya watu waliomwamini, na chujio likalizuia lisivuke. Raya alitumia siku mbili nzima kuweka alama. Wengine walitumia robo saa.

Sasa, Ambokile alikuwa ametengeneza machujio ya maji maisha yake yote ya usomi. Alipokiona kile kijisanduku alikitazama kama fundi wa saa anavyotazama saa ya jirani. Kilikuwa na skrubu moja ndogo pembeni. Kuilegeza robo mzunguko kusingemdhuru mtu. Alitaka kitu kidogo tu cha kuchekesha wenzake: Raya anamwonaje Profesa Kinemo, au kama dada mpole vile hukoroma. Siku ya kikao cha tatu, Raya alipoinama kufunga kamba ya kiatu, Ambokile aliilegeza kwa kucha ya kidole gumba. Haikumchukua hata muda wa kupiga chafya.

*

Picha ilimjia Ijumaa akinywa chai. Bibi kizee, amejifunga kanga kifuani, anazunguka nyumba kinyumenyume. Mikononi amebeba kikapu kitupu. Anakigombeza kile kikapu kama mama aliyechelewa shughuli.

"Vaa viatu wewe. Umande huo, huuoni? Nimesema mara ngapi?"

Ambokile alitema chai. Kwa maoni yake ya wakati ule, hakuna kitu cha kuchekesha zaidi ya hicho kilichopata kutokea katika historia ya elimu.

Mchana, bwalo lilipojaa, alichukua kikapu cha mkate, akajifunga kitambaa cha meza kifuani, akaanza kutembea kinyumenyume kati ya meza.

"Vaa viatu wewe," alikiambia kikapu, kwa sauti nyembamba ya Kipwani. "Umande huo."

Rafiki yake Chilongani, mtaalamu wa udongo, mtu mnene mwenye kicheko cha trekta, alianguka kutoka kwenye benchi. Wapishi walitoka jikoni na miko yao. Ambokile alizunguka bwalo mara mbili, na mara ya pili akaongeza la kwake, akakifuta kikapu kamasi. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama.

Kufikia Jumatatu chuo kizima kilikuwa kinazungumza na vikapu. Mtu akichelewa darasani, "vaa viatu wewe." Mtu akipata alama mbovu, "umande huo." Mwanafunzi mmoja wa kemia aliliandika neno hilo nyuma ya koti lake la maabara.

Raya alikuwa Makazi mwisho wa wiki ile. Alirudi Jumatatu asubuhi, akapita getini wakati vijana wawili wa mwaka wa kwanza wakigombezana kwa sauti ya bibi kizee. Ambokile alikuwa anamtazama kwa mbali, akingoja acheke. Raya alisimama. Aliweka mfuko wake chini taratibu, akakaa hivyo kidogo, kisha akauinua tena kana kwamba umeongezeka uzito.

Kwenye kikao cha mchana, kabla hajavaa kofia, alimuuliza.

"Kaka Ambokile, uliona kikapu?"

"Kikapu gani?"

Alijibu upesi sana, kwa uso ule mtakatifu alioutumia bweni akiulizwa nani kaficha kengele ya shule. Raya alimwangalia, akaamini. Hilo ndilo lililokuwa baya. Aliamini mara moja.

"Basi ni mimi," alisema. "Mwenzangu wa chumbani husema mimi huzungumza usingizini. Nimelisema mwenyewe." Akavaa kofia, akafumba macho. "Haya, tuendelee. Kazi ni kazi."

*

Maana ilifika wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Ambokile akiwa kwenye foleni ya chapati.

Haikuja kama wazo, ilianzia mikononi. Alikuwa ameshika sinia tupu, na ghafla mikono yake ikajua uzito wa kile kikapu. Hakikuwa kitupu. Kilikuwa na uzito wa kitu kisichotimia kilo moja, na mikono ilijua kukishika, kiganja kimoja chini na kimoja juu, kama ashikavyo mtu asiyetaka kuamsha.

Kisha mengine yakaja, yametulia na yamepangika, kwa utaratibu wa akili ya Raya. Kule visiwani, mwanamke aliyeharibikiwa na mimba alikuwa na pa kwenda: palikuwa na mahali ufukweni, na wenzake walimsindikiza. Bahari ikapameza mahali pale. Walipohamia mlimani hawakuwa na pa kwenda, wala hapakuwa na msiba, maana hapakuwa na wa kuzika. Ndipo bibi mmoja, Mize binti Juma, alipoanza kuzunguka nyumba na kikapu. Mama humlea mtoto wake kwa muda wa mzunguko mmoja, miaka yote katika mzunguko mmoja. Humvisha, humgombeza, humtuma dukani. Hutembea kinyumenyume kwa sababu huko mbele hakuna. Akirudi mlangoni humwacha aende. Wanaume hawaoni. Wanawake huapa.

Raya hakujifunza hayo kwa kuhoji. Alikuwa amebeba kikapu mwenyewe, mwaka wa pili wa masomo, mimba ya miezi minne. Bibi Mize alimtangulia na kikapu chake ili kumwonyesha jinsi ya kugombeza, kwa kuwa Raya alishindwa kutoa sauti. Mtoto alikuwa na jina. Ambokile alilijua sasa. Hapa halitatajwa.

"Ndugu, chapati ngapi?" mpishi aliuliza. "Ndugu?"

Nyuma yake mtu akasema kwa sauti nyembamba, "Vaa viatu wewe, foleni haiendi," na foleni nzima ikacheka. Ambokile alitoka bila chapati. Alikumbuka lile la kamasi, lile aliloongeza mwenyewe. Alikwenda nyuma ya maabara ya mabomba, akakaa juu ya saruji, uso ukimwaka hadi masikioni. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la tano alitamani mtu ampige.

Siku hiyohiyo likabandikwa tangazo. Wanawake wa Makazi walikuwa wamesikia. Mjukuu wa mmoja wao alisoma hapahapa chuoni. Walitaka kanda zote za Raya zifutwe, miaka minne yote, kwa kuwa alivunja kiapo. Baraza lingekaa Ijumaa. Bila kanda hakuna tasnifu, na aliyevunja kiapo cha watafitiwa hapewi utafiti mwingine.

Ambokile alimweleza Chilongani shambani kwake, kati ya mistari ya mahindi ya majaribio. Alimweleza skrubu na uongo. Maana ya kikapu hakuitaja.

Chilongani aliacha kucheka, jambo lililombadilisha sura.

"Ukisema, unafukuzwa," alisema.

"Najua."

"Kuchezea kofia ni kufukuzwa moja kwa moja, mwanangu. Hata barua hawakuandikii ndefu."

"Na nisiposema?"

"Yeye anakosa kanda. Hafi mtu." Chilongani aliponda bonge la udongo kwa vidole. "Na amekwisha kubali mwenyewe kwamba alisema usingizini. Wewe hukumwambia akubali."

"Niliulizwa, nikasema kikapu gani."

"Hilo nalo," alisema Chilongani. "Lakini nauliza tu, kilikuwa ni nini kile? Mbona kila mtu kanuna? Si bibi tu na kikapu chake?"

Ambokile alifungua mdomo, akaona kwamba kujitetea kwa rafiki yake kungemlazimu kuiba mara ya pili.

"Siwezi kukwambia," alisema.

"Haya. Basi kibaya kweli."

*

Baraza lilikaa katika ukumbi mdogo. Profesa Kinemo alikuwa katikati, maprofesa wawili pembeni yake. Kulia alikaa Raya, peke yake. Kushoto walikaa wanawake watatu wa Makazi, na wa katikati Ambokile alimtambua kabla hajaketi. Aliujua mwendo wake. Alikuwa ameuigiza.

"Shikamoo, bibi," alisema alipopita, kwa sababu miguu ilikataa kupita bila salamu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bibi Mize. "Hujambo? Umekuja kumsikiliza mwenzio?"

Alikuwa na sauti nzuri, si nyembamba hata kidogo.

Raya alisimama, akasema maneno machache. "Sina wa kumlaumu. Niliweka alama zote, na kofia haivujishi. Kwa hiyo ni mdomo wangu, labda usingizini. Bi Mize, mlinipa amana, nami nimeimwaga. Zifuteni."

Ambokile alikuwa ameandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa hata na mzaha mmoja wa heshima kuhusu wahandisi, kwa vile hakujua njia nyingine ya kuanza kusema mbele ya watu. Alisimama na mzaha ukamkaukia.

"Nililegeza skrubu ya chujio," alisema. "Robo mzunguko. Kikao cha tatu. Nilitaka kuchekesha."

Profesa Kinemo aliinuka. Alikwenda kabatini, akaleta kofia, akavaa miwani, akaingiza bisibisi ndogo kwenye kile kijisanduku na kuigeuza hadi ikagoma.

"Robo mzunguko," alithibitisha, na akaonekana amezeeka.

"Aliniuliza kama nimeona kikapu," Ambokile aliendelea, kwa kuwa lililobaki ndilo lililokuwa gumu. "Nikamwambia kikapu gani. Akajisingizia mwenyewe, nikamwacha. Wiki mbili nimemwacha."

Raya alikuwa anamtazama. Uso wake haukuonyesha hasira, ila alikuwa akipiga hesabu kimyakimya. Ambokile alijua anahesabu nini, maana nusu ya akili ile alikuwa nayo yeye: vikao vyote tangu kile cha tatu, kila alichokuwa anakiwaza akiwa amefumba macho.

"Maana imeshakufikia?" aliuliza.

"Jumatano."

"Yote?"

"Na jina."

Mmoja wa wale wanawake akajifunika uso kwa mtandio. Bibi Mize alimshika mwenzake goti, kisha akamgeukia Profesa.

"Raya hana kosa. Kanda zibaki kwake, kama ilivyokuwa. Lakini kilicho chetu kitoke kwa kijana huyu. Hilo mnaliweza, au mnaweza kuingiza tu?"

"Tunaweza kuosha, bibi," alisema Profesa Kinemo. "Mtoaji akivaa kofia na kuvuta kilicho chake, hurudi chote, picha na maana. Kozi atakuwa ameshindwa, na chuo ataondoka kwa vyovyote. Lakini atakumbuka kwamba alikitembeza kikapu bwaloni. Hicho ni chake."

Hapo Ambokile alifanya jambo ambalo lilimshangaza mwenyewe. Aliomba.

"Msinioshe," alisema. "Nifukuzeni, hilo sawa. Lakini mkiitoa maana, sitajua nilifanya nini. Nitakumbuka bwalo linacheka. Nitarudi kuwa yule yule. Niachieni niwe nayo, iniume. Ninastahili iniume."

Aliamini kabisa kwamba hilo lilikuwa jambo la kiungwana kuliko yote aliyopata kusema. Maprofesa wawili walitazamana. Mmoja akatikisa kichwa kwa huruma.

Raya hakutikisa kichwa.

"Kaka Ambokile," alisema taratibu, "hiyo inayokuuma ni yangu. Ni mimi niliyeumia hivyo, mwaka wa pili, nyuma ya nyumba ya Bi Mize. Umekuja ukaichukua ukacheka nayo, na sasa unaitaka ukalie nayo. Yote mawili ni kuchukua. Nirudishie."

Ambokile alitafuta jibu kila mahali alipozoea kupata majibu. Mwisho akaona jambo ambalo hakuliona hata nyuma ya maabara: kwamba siku tatu hizi alikuwa ameanza kuionea fahari aibu yake, kama nguo mpya. Na hata nguo yenyewe ilikuwa ya mtu.

"Sawa, dada Raya," alisema. "Naomba niandike kwanza. Kwa mkono wangu. Nijue nilisema nini hapa."

"Andika. Nitaisoma kwanza mimi."

*

Aliandika ukurasa mmoja. Raya aliusoma akiwa amesimama dirishani, akaomba kalamu, akafuta mstari mmoja kwa wino, akipitisha mara nyingi. Akaikunja karatasi na kumpa Profesa aishike. Kisha akakaa, akavaa kofia yake, akamsubiri Ambokile avae ya kwake. Profesa Kinemo alikaza skrubu, akaikagua, akaikagua tena.

Ilichukua dakika arobaini. Hapakuwa na maumivu. Ilikuwa kama mtu anayebeba vyombo vyake kutoka chumba cha kupanga, kimoja kimoja, bila kugonga ukuta.

Alipovua kofia aliona ukumbi uleule. Raya alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Unahisi nini?" aliuliza.

Ambokile alijikagua kwa uaminifu. Alikumbuka skrubu, uongo na bwalo. Alijua ni mabaya, kama ajuavyo mtu jina la mji mkuu wa nchi asiyofika. Bibi aliyekaa kushoto alikuwa ni bibi tu. Kikapu kilikuwa kikapu.

"Sihisi kitu," alisema.

"Vizuri," alisema Raya.

Aliinuka, akamshika Bibi Mize mkono, na wale wanawake wanne wakatoka pamoja wakizungumza habari za gari na kama mvua itawakuta njiani. Profesa Kinemo alimkabidhi Ambokile karatasi yake, akamwambia ana mpaka Jumapili kufungasha, naye akatoka.

Ambokile akabaki peke yake. Akasoma. Ulikuwa mwandiko wake, lakini aliyeandika alikuwa mtu mwingine, mtu aliyekuwa akilia, kwani herufi zilikuwa zimevimba mahali mahali. *Usisimulie hata ukiombwa. Usimtafute Raya kumwomba radhi ili upumue. Kilikuwa na uzito.* Hapo chini ndipo ulipokuwa ule mstari uliofutwa, mweusi wote. Baada yake hapakuwa na neno.

Aliutazama sana. Wino ulikuwa wa kawaida wa chuo, na karatasi ilikuwa nyepesi. Mtu aliyesoma bweni anajua la kufanya: unaielekeza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, na maandishi ya chini yanajitokeza yenyewe. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuinuka kabla hajauamuru, na ukafika usawa wa kidevu.

Alitafuta ndani yake sababu ya kutotazama, hakuiona. Ilikuwa imeondoka na wenyewe, iko njiani kwenda Makazi. Hapakuwa na mtu ukumbini wa kumwona, wala wa kumpigia makofi.

Aliikunja karatasi mara nne, mstari ukiwa ndani, akaenda kufungasha.